Duka la Afande, Langoni

Askari akistaafu, wa kwanza kujua kwamba amelipwa ni shemeji zake. Niliporudi Amu, yaani mji wetu wa Lamu, mwishoni mwa 2013, kiinua mgongo kilikuwa hakijaingia benki, lakini tayari nilikuwa nimeletewa mashua ya kununua, kiwanja kule kijiji cha Hindi, upande wa bara, na bwana mmoja wa Malindi aliyetaka tushirikiane mtambo wa barafu. Kila mtu alijua namna ya kuzitumia pesa ambazo mimi mwenyewe sijazitia machoni.

Nikachagua duka. Watu walishangaa, kwa kuwa wengi hudhani kila aliyevaa kombati alikuwa mbele na bunduki. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa stoo na malori: unga, mchele, maharagwe, maji, dizeli, mahema, betri. Wako wanaopigana, na wako wanaohakikisha kwamba wanaopigana wamekula. Mimi nilikuwa wa kundi la pili, ingawa lori la chakula nalo hulengwa, maana adui anajua askari asipokula siku mbili tatu hana vita tena. Kwa hivyo magunia nilikuwa nimeyazoea. Niliamini hilo latosha.

Vita vyenyewe vilianzia kwetu. Watu wa bara wanakumbuka Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka kuingia Somalia kupigana na Al-Shabaab. Sisi tunakumbuka kabla ya hapo: Kiwayu mwezi wa Septemba, kisha Manda siku ya kwanza ya Oktoba, wageni walipotekwa usiku wakapelekwa kaskazini kwa boti. Manda unaiona ukiwa umekaa gatini unakunywa kahawa. Mama aliponipigia simu kuuliza kama na mimi nimo katika wanaokwenda, nilimwambia niko kozini. Nadhani hakuniamini, ila aliniombea dua ndefu mno kwa mtu aliye kozini.

Mapigano sitayaeleza. Walioyapigana hasa wapo, na wengine hawapo. Nitasema la malori. Tulivuka upande wa Liboi kuelekea Dhobley, na mvua za vuli zikatukuta njiani. Udongo wa kule ukikauka ni jiwe, ukilowa ni uji. Lori lililojaa huzama hadi ekseli, na la kulivuta nalo huzama. Tulichimba mchana, tukalinda usiku, na ramani za wakubwa zikasubiri jua. Afmadow ilichukuliwa mwishoni mwa Mei 2012. Kismayu ikafuata mwishoni mwa Septemba, karibu mwaka mzima tangu tuvuke.

Kismayu ndiko nilikokutana na mwenye duka ambaye namfikiria mpaka leo. Alikuwa mzee wa Kibajuni, na kiduka chake kilikuwa katika uchochoro usio mbali na bandari. Mlango aliufungua nusu tu. Ndani mlikuwa na majani ya chai, sukari, maziwa ya unga, tambi, viberiti, sabuni. Alinisikia nikimwambia mwenzangu neno, akaijua lafudhi, akaniuliza kwa Kibajuni, Kiswahili cha pwani yetu ya kaskazini, mimi wa wapi. Nikamwambia mama yangu ni wa Kizingitini. Basi yakaanza yale ya kwetu: akataja mtaa, akataja jina la babu, akataja chombo alichosafiria babu, na tukiwa bado hatujamaliza tukakuta kwamba mjukuu wa shangazi yake ameolewa Faza. Akatuma mtoto alete kahawa.

Kilichomshughulisha si vita. Alitaka kujua habari ya makaa. Mjini kulikuwa na marundo makubwa ya magunia ya makaa yaliyokwama, kwa sababu Umoja wa Mataifa ulikuwa umepiga marufuku kuyanunua tangu Februari mwaka ule, na mzee alikuwa anawadai wapakiaji waliokuwa wanawadai wenye makaa. Aliniuliza mimi, mtu wa kuhesabu mahema, kana kwamba Baraza la Usalama hunipigia simu kila asubuhi.

Nilitaka sabuni na boksi la biskuti, na pesa nilizokuwa nazo hazikutosha. Nikamwambia aniandikie, nitaleta kesho. Akacheka.

"Mwanangu, nimewauzia watu wa Siad Barre. Wakaja wa koo, wakaja wale wa bendera nyeusi, na sasa mumekuja nyinyi. Wote nimewauzia, hakuna niliyemkopesha. Askari huhamishwa."

Tukiwa pale akaingia mama mmoja, akachukua sukari na majani ya chai, akaaga, akaenda zake. Pesa haikutajwa, na mzee hakuandika popote. Nikauliza, na huyu je? Akasema, "Huyu aenda wapi?"

Nilikodi mlango mmoja wa duka mtaa wa Langoni, Amu, mapema 2014. Mtu asiyekaa Amu haelewi mzigo wa duka la kisiwani, kwa hivyo niueleze. Lori hupakiwa Mombasa, hupita Malindi, Garsen, Witu, likafika Mokowe. Hapo ndipo bara inapoishia. Mzigo hushushwa, hupakiwa mashuani, huvushwa, hushushwa gatini, hupakiwa punda, na punda akifika mlangoni kuna wa kushusha. Kila mkono una ujira wake, na kila mkono waweza kutoboa gunia. Wakati wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, maji hurukia ndani ya mashua, na sukari iliyolowa maji ya bahari hata ng'ombe huikataa. Siku zile lami ya Garsen haijafika, mvua ikinyesha lori huweza kulala njiani, na unga wote mjini ukapanda bei kabla ya adhuhuri. Mgeni akiona bei zetu husema wenye maduka wa Amu ni wezi. Na apande lori.

Katika haya jeshi lilinifaa. Nilijua kuweka mbao chini ya magunia na kutoyaegemeza ukutani, kwa sababu kuta zetu za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu. Nilijua kwamba kilichoingia kwanza ndicho kitoke kwanza. Nilijua kufunika mzigo kwa turubai tangu Mokowe, badala ya kumwachia nahodha na Mungu. Na nilijua leja. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jeshini niliona bwana mkubwa akishushwa cheo kwa ajili ya mablanketi. Kila jioni nilihesabu. Nilikuwa najua nina viberiti vingapi.

Yasiyonifaa yalikuwa mengi pia. Watoto waliotumwa sukari robo niliwapanga mstari. Kibaraza cha mbele nilikisafisha, nikawaomba wazee waliokuwa wakikaa pale tangu duka lilipokuwa la mshonaji wahamie upande wa pili, wasizibe mlango. Walihama bila neno. Mauzo yakahama nao. Mtu wa Amu hendi dukani kununua tu. Huenda kusikia nani amefika na chombo, nani ameposa, nani yuko hospitali, na katika kusikia hununua mafuta ya nusu lita. Ami yangu aliniambia nimefungua stoo, sijafungua duka. Wazee nikawaita tena, na ilinigharimu kahawa na halua kwa wiki nzima.

Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa. Watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Kuna waliokuwa wakiniletea viazi na mahindi kutoka huko, na sitasema zaidi. Julai ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku, na yakaja mengine ambayo sisi wenye maduka tuliyaona kwa jicho letu. Duka la Amu hupata riziki yake baada ya isha. Mchana kuna jua, kuna kazi, kuna kulala. Usiku ndio watu hutembea, ndipo soda, mkate, karanga, sigara na maziwa hutoka. Amri ile ilitukata hapo hapo. Wavuvi nao walikuwa wamezuiwa kuvua usiku, na samaki wengine huvuliwa usiku tu. Wageni walikimbia, kwa kuwa nchi zao ziliwatahadharisha wasije. Nahodha wa mashua ya watalii, mpishi wa nyumba ya wageni, kijana wa kuonyesha mji, wote wakawa wateja wangu wa kukopa kwa mpigo.

Lakini hilo lilikuwa la kila duka. Langu lilikuwa na la ziada. Misako ilianza, vijana wakawa wanachukuliwa, na mjini kila mtu akawa anajiuliza nani anataja majina. Mimi nilikuwa nimerudi karibuni, nimetoka jeshini, nimefungua mlango Langoni mahali ambapo kila anayepita namwona, na kila jioni naandika kwenye daftari. Ukiyapanga hivyo hata mimi nilijishuku. Jina la Afande walinipa kwa mzaha, ila siku zile liligeuka. Vijana wakawa wananyamaza nikitoka kibarazani. Akina mama wa mtaa wangu wakawa wanapita mlango wangu kwenda kununua chumvi duka la mbali, na mwanamke wa Amu haendi mbali kununua chumvi bila sababu.

Ami akaja usiku, kabla ya saa ya amri.

"Wasema wewe ungali kazini," akaniambia. "Duka ni nguo tu."

"Ami, nina karatasi ya kustaafu. Nitawaonyesha."

"Utaibandika mlangoni?"

Nilikaa miezi hivyo. Nilifikiria kuuza shehena na kwenda Mombasa, ambako hakuna anayejua babu yako nani na hakuna anayejali. Jambo lililonizuia halikuwa ushujaa. Shehena ilikuwa imekopwa, na waliokopa hawakuwa na cha kulipa, na ukiondoka na deni nje umeondoka uchi. Ndipo nikamkumbuka mzee wa Kismayu. Alikuwa ameniambia sababu yote wakati ule, nami nikaicheka kama kichekesho. Kwa watu wa mtaa wangu mimi nilikuwa bado askari, na askari huhamishwa.

Usiku mmoja mtoto wa jirani alichukuliwa. Mama yake alikuja kwangu asubuhi, buibui hajalifunga sawasawa, akiamini namjua mtu. Simjui mtu. Jeshi na polisi ni nyumba mbili, na mimi nilikuwa wa stoo. Lakini nilimwambia afunge mlango twende, nikafunga na mimi. Kituoni nilijua mambo mawili tu: kwamba aliyeshikwa lazima aandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na kwamba Katiba ya 2010 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Nikauliza namba ya OB. Nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri, na kusubiri ndicho kitu pekee ambacho jeshi humfundisha mtu kikamilifu. Tulikaa kwenye benchi hadi alasiri, nikauliza tena kwa adabu ile ile, nikauliza tena baada ya zamu kubadilika. Kijana alitoka siku ya pili, salama, hakushtakiwa.

Ingekuwa hadithi ya kutungwa, mtaa mzima ungekuja kunishukuru. Haikuwa hivyo. Wengine walirudi kununua, wengine walisema, mumeona, kumbe kweli anawajua. Mama yule mwenyewe alirudi, na akaanza kuleta dada zake. Yule kijana alikaa mwaka bila kuniamkia. Sasa ndiye anayenipokelea mzigo Mokowe, na hatujawahi kuzungumza habari ya siku ile.

Mikopo nayo ilikuwa somo. Nilianza na utaratibu wa jeshi: jina, tarehe, kiasi, sahihi, mwisho wa mwezi. Lakini mvuvi hana mwisho wa mwezi. Yeye hufuata mwezi wa mbinguni, bamvua maji yakijaa sana na maji mafu yakiwa madogo, na wakati wa kusi huweza kukaa juma zima mashua imeinuliwa, akishona nyavu asizozitumia. Ukimdai tarehe 30 unamfundisha kukukimbia, na akishakukimbia pesa zake taslimu huenda kwa jirani. Nikaondoa safu ya tarehe ya kulipa. Nikaandika kando ya jina kazi ya mtu na anachotegemea: kamba wa baharini, mashua ya mchanga, mwalimu, mshahara wa kaunti, binti aliye Saudia. Wa kamba nilimngoja kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini. Wa mshahara wa kaunti nilimngoja zaidi, na wenye maduka wenzangu wananielewa.

Na nilikopesha vya kuishi: unga, mchele, sukari, mafuta, sabuni. Sigara, soda na kadi za simu zilikuwa za pesa mkononi, hata kwa ami.

Hakuna aliyenitayarisha kwa matanga. Kukopa harusi, kulipa matanga, tunasema hivyo kwa kucheka, mpaka siku ambayo mdaiwa ndiye aliye kwenye jeneza. Desturi yetu ni kutangaza kabla ya maziko: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa warithi wake, au amsamehe. Wewe uko safu ya tatu, daftari liko dukani, na unajua kwa shilingi anayezikwa anadaiwa kiasi gani. Mjane wake anajua. Watoto wake pengine hawajui. Kuna wenye maduka wanaokwenda kwa warithi siku ya tatu, na sheria ya dini inawaruhusu, kwani deni la maiti ni jambo zito na kulificha si kumfanyia hisani. Mimi hujiuliza kwanza aliyebaki ana nini. Mvuvi mmoja aliacha mashua nzima, nikaenda kwa mwanawe mkubwa na daftari, akalipa kidogo kidogo mpaka likaisha, akanishukuru kwa kumtua babake mzigo. Mwingine aliacha wasichana na nyumba ya makuti. Ukurasa wake niliupiga mstari nikamwambia mjane mbele ya shahidi kwamba nimesamehe, ili asiishi akikwepa mlango wangu. Leja ya jeshi haina safu hiyo.

Mambo mengine yalipita haraka. Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, tukarudi kufunga sukari kwa karatasi kama walivyofunga babu zetu. M-Pesa ilipunguza wizi wa chenji, ila ikaongeza wanaosema "nimetuma, angalia" wakiwa wameshafika kona. Amri ya usiku ikaja tena 2017, ikaja tena wakati wa korona, na safari zote mbili nilikuwa najua la kufanya: kununua kidogo, kukopesha vya kuishi, kufungua alfajiri.

Watu huniuliza kama vita viliniachia kitu. Kiti changu dukani kimeegemea ukuta, na nikikaa naona usita, yaani njia ya mtaa, pande zote mbili. Fundi aliye juu ya paa akiangusha bati mimi huwa nimeshuka chini ya kaunta kabla ya kujua nimeshuka. Safari moja nilipoinuka palikuwa na mtoto na shilingi zake mkononi, ananitazama.

"Afande, umeangusha nini?"

"Shilingi."

Akainama kunisaidia kuitafuta, masikini, ikabidi niitoe moja mfukoni niidondoshe aipate.

Mwaka huu kijana mmoja wa ukoo wa mama, aliye bado jeshini, amekuwa akinipigia simu. Anakaribia kustaafu na anataka duka. Nimemwambia asitie kiinua mgongo chote kwenye bidhaa, aweke akiba ya kumvusha kusi mbili. Nimemwambia kabla ya kufungua akae kwenye duka la mtu mwingine, bila mshahara, awajue watu kwa nyuso na kwa mikono yao. Nimemwambia akiba nyingine ni ya kahawa na halua ya wazee. Na nimemwambia kwa upole kwamba Langoni pamejaa.

Akasema yeye hata hafikirii Langoni. Anafikiria Mokowe, pale pale malori yanaposhushwa, auzie wenye maduka wa kisiwani kwa jumla, awaondolee safari ya Mombasa. Nilinyamaza kidogo kwenye simu, kwa sababu ni wazo bora kuliko langu na nimepita Mokowe miaka yote hii bila kuliona. Kisha nikamwambia akifungua mimi ndiye mteja wake wa kwanza, na asitarajie keshi.